Muthoni, Leo Tumefungua Duka

Naandika nikifuta, naandika nikifuta. Akili imekataa kabisa. Jumapili tuliimba pamoja kanisani, Jumanne nikapigiwa simu ati moyo wa Muthoni umesimama. Muthoni gani? Wangu?

Kwa wasiomjua: alikuwa na duka la sweta za shule hapa Karatina. Alikuwa rafiki yangu, halafu boss wangu. Tulikuwa wafanyakazi wanne.

Wenye biashara hii mnaielewa. Januari, shule zikifunguliwa, hata chai hunywi. Ikifika mwezi wa tano, unakaa kutwa nzima ukiuza soksi.

Low season ya kwanza tulijua tunafutwa kazi. Wengine wote mtaani walikuwa wanafuta watu. Yeye akafunga mlango, akatuita meeting, akatumiminia chai.

"Watu wangu, pesa hakuna, na sitawadanganya ati iko. Nusu mshahara, sisi wote, hata mimi. Na Jumatano tunaenda shamba."

Shamba lake! Kila mtu akagawiwa mistari yake ya viazi. Ukipanda, ni vyako. Yeye mwenyewe alijiwekea mistari michache, na kwenye yako hachimbi hata kimoja.

Sasa Maina, fundi wetu wa kukata, ni mtoto wa town. Siku ya kupalilia aling'oa viazi vyote akaacha magugu yamesimama wima. Wui! Muthoni alicheka mpaka akakaa chini kwa matope. Kisha akamwambia, "Basi chukua mistari yangu."

Na huyo huyo Maina akatuacha! Tajiri mmoja wa Nanyuki alimpa mshahara kamili, akaenda. Mimi nilikasirika, sitaficha. Viazi vilipoiva nikaona Muthoni anafunga gunia la kumtumia.

"Wewe ni mjinga?" nikamwuliza. "Mtu amekutoroka!"

"Si alipanda?"

Hilo tu. Akaendelea kushona mdomo wa gunia.

Maina alirudi kabla ya Januari. Hakuna aliyemwita.

Sikumwambia mambo mengi, hasa vile nilimpenda. Sisi watu wa huku tunajua kusema "umekula?" basi, tunadhani imetosha.

Jana, tukitoka kwa mkutano wa mazishi, kaka yake alituita kando. Mtu mzuri, mpole. Akasema, "Mnajua ni low season. Mimi sina ya kuwalipa. Sijui kama nifunge duka, na sitawalaumu mkitafuta kwingine."

Mama Brian, anayetushonea vifungo, ambaye anaweza kumaliza wiki bila kutoa neno, ndiye aliyeongea.

"Kwani nani ameulizia mshahara? Tupe funguo."

Kaka yake alilia pale pale, mwanaume mzima.

Kwa hivyo leo tumefungua, Muthoni. Sisi wanne. Tumefagia, tumetia mashine mafuta, tumekaa. Mteja ni mmoja tu, mama fulani wa sweta ya mtoto wa nursery. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Maina alimfungia sweta yake huku machozi yanamtoka.

Ijumaa tunakuzika. Jumamosi tunafungua tena.

Nilikupenda, Muthoni, na nimechelewa kusema. Mungu akushike vizuri. Lala, rafiki yangu, lala bila wasiwasi wa mtu.