Baiskeli ya Mzee wa Kanisa

Hebu niambie ukweli: wewe umewahi kuombewa dua baada ya baiskeli? Mimi nimewahi, tena msimu mzima. Nilipokuwa mtoto, katika kijiji chetu cha ujamaa kando ya njia ya zamani ya misafara upande wa Urambo, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kila jioni alipotukusanya kwa sala alianza hivi: "Bwana, ilinde baiskeli hii uliyotupa. Mlinde na mama yao. Walinde na watoto." Bibi, mama yake mzazi, alifika mwishoni kabisa, jirani na kuku.

Bibi Kalunde hakulalamika. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akingoja amina, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua bei ya chumvi, "Zakaria, huyo Yesu wako mnapokwenda safari anakaa wapi? Kile kiti cha nyuma, au anatembea kwa miguu?"

"Mama, usikufuru," Baba alisema.

"Nauliza tu. Wewe ndiye mwalimu."

Na kweli alikuwa mwalimu wake. Baba ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo pale kijijini, na mwaka ule mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote alikuwa mama yake. Bibi alikuwa amekaa nje ya kanisa maisha yake yote, akisikiliza nyimbo kupitia dirishani, na sasa, alipobakiwa na meno machache ya kuchekea, alikuwa ameamua kuingia. Alikuja darasani kabla ya vijana, akakaa mbele, akauliza maswali ambayo Baba aliyajibu kwa kusema tutayafikia baadaye.

Hiyo baiskeli Baba aliinunua mjini Tabora, kwenye duka la Mhindi, baada ya msimu mzuri wa tumbaku. Makaratasi ya kahawia yaliyofungwa kwenye mabomba yake hakuyatoa. Yalichakaa yenyewe yakaanguka vipandevipande, na kila kipande kilipoanguka alikaa kimya kama aliyefiwa. Ililala chumbani. Mama aliiita bi mdogo. "Sogea huko," alimwambia Baba asubuhi, tukisikia sisi watoto ukutani, "bi mdogo amenikanyaga na tairi." Tulipofika kijitoni, Baba aliibeba begani ili isilowe, na wanawake waliokuwa wakifua walimwuliza kutoka ng'ambo, "Mzee Zakaria, leo nani kampanda mwenzake?"

Usidhani Baba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyepata kitu kimoja kizuri baada ya kukosa kwa muda mrefu. Ugonjwa huo nimeuona baadaye kwa watu wenye shahada tatu. Siku hizi nikipita mjini naona magari yaliyoandikwa jina la Bwana kwenye kioo cha nyuma, na funguo zinazopelekwa madhabahuni kupakwa mafuta, na ninajikuta nikitafuta kwa macho karatasi za kahawia.

Sasa nikueleze habari za lundo, maana bila lundo hadithi hii haina miguu.

Mahali njia ya misafara ilipoingia msituni, nje kidogo ya kijiji, palikuwa na chungu kubwa ya vijiti, mawe na majani makavu, imefika kifuani pa mtu mzima. Tuliiita Lundo la Wapagazi. Baba yake Bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani na kurudi na nguo, na Bibi alisema kila aliyepita pale na mzigo alivunja kijiti, akakigusisha kwenye mzigo wake, akakitupa juu ya lundo, ili mzigo usimwangukie mbele ya safari. Wengi waliokufa njiani hawakuzikwa vizuri, na hao ndio waliopokea vijiti. Lakini ukipita na kitu kipya, jembe jipya, kitanda kipya, mtoto mchanga, kijiti hakikutosha. Ulimwaga unga. Tena si unga wowote. Ulikuwa unga wa mtama uliosagwa kwa jiwe, kwa mkono, kwa sababu waliolala kando ya njia ile hawakuijua mashine.

Baba alihubiri dhidi ya lundo hilo kila alipopewa nafasi. Aliliita kinyesi cha Shetani, jambo lililotufurahisha sana sisi watoto. Alitaka lichomwe moto. Kijiji kilimwitikia amina kanisani, na Jumatatu kilipita pale na mizigo ya kuni kikatupa vijiti.

Bibi alikuwa ameacha. Nilimwona kwa macho yangu akipita na mtungi kichwani bila hata kugeuza shingo. Nilipomwuliza kama haogopi, alisema, "Nilitupa vijiti tangu nikiwa kama wewe. Ulikuwa wasiwasi wa mizigo. Huyu ninayejifunza habari zake amesema nimpe yeye wasiwasi wangu. Nimempa. Sasa nirudie nini tena?"

Ndipo ikaja siku ya kuanguka. Baba alinipakia nyuma twende kumjulia hali shangazi. Kabla hatujatoka Bibi alitusindikiza hadi barabarani, akamshika Baba mkono.

"Zakaria, leo unapita pale na kitu chako kipya. Nisikilize. Kama unaliamini lundo, mwaga unga uende. Kama unamwamini Bwana, pita uende. Usisimame katikati. Katikati ndipo watu huanguka."

"Mimi, Mama? Mimi na lundo?" Baba akacheka, akakanyaga pedeli.

Tulipolifikia alinyoosha shingo kulitazama, labda kwa dharau, labda kwa jambo jingine, na alilitazama kwa muda mrefu mno. Gurudumu la mbele liliingia kwenye mchanga. Mimi nilitua kwenye nyasi salama kabisa. Baba alitua kwa tumbo. Baiskeli ilipinda usukani, ikakwaruzika ubavuni, na mnyororo ukaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Baba hakuniuliza kama nimeumia. Aliinuka, akapapasa ule mkwaruzo kwa kidole, kisha akaligeukia lundo, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona kanisani.

Nyumbani Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. Alisema tu, "Alisimama katikati," akarudi kwenye jiwe lake.

Maana alikuwa na jiwe. Tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zikapangwa mstari kama askari wa gwaride, bwana aliyesimamia lori alimwambia Bibi aliache jiwe lake la kusagia, huko aendako kutakuwa na mashine. Bibi alilipakata njia nzima kama mtoto. Mashine ikaja kweli, ikaunguruma, na wanawake wote wakaipelekea nafaka zao. Bibi peke yake aliendelea kupiga magoti asubuhi na kusaga mtama. Alisema unga wa mashine una harufu ya taa.

Kuanzia siku ile Baba alibadilika. Aliipaka baiskeli mafuta hata pasipo na cha kupaka. Aliisikiliza ikitembea, kichwa upande, akasema inalia. Kwenda mjini akawa anazunguka njia ya mashambani, mbali na lundo. Na sala ya jioni ikawa ndefu: aliyaombea magurudumu, akaombea breki, akaombea spoki kwa jumla. Mama alisinzia kwenye breki.

Jumapili ya ubatizo ikakaribia. Mchungaji wetu alikuwa na vijiji vingi na miguu miwili. Akija, alibatiza, akabariki ndoa, akazika kwa kuchelewa, akaondoka hadi mvua zipite. Bibi alishona vazi lake la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akalifua, akalianika mahali kila mpita njia angeliona. Alichagua jina, Ana. Alituamuru wajukuu tuanze kulizoea. "Shikamoo, Bibi Ana," tulisema tukipita, na yeye, "Marahaba, marahaba," akiangalia kando kama binti anayeposwa.

Jumamosi, wanawake waliokwenda kuchanja kuni walikuta unga umemwagwa juu ya lundo, mpya, mweupe. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Jumapili kanisa likajaa mpaka kwenye nguzo. Lilikuwa la matofali mabichi na paa la nyasi, na Baba alikaa mahali pake pa kawaida, karibu na dirisha, ambapo angeweza kuiona baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Wanafunzi wa ubatizo walipangwa mbele. Mchungaji alimwuliza kila mmoja kwa nini anataka kubatizwa. Kijana mmoja alisema anataka jina la kuandikishia shule. Mzee mmoja alisema anataka kuzikwa na watu wanaojua kuimba. Mchungaji aliwasahihisha kwa subira, kisha akamfikia Bibi.

"Nawe, Mama, unataka nini?"

"Namtaka yeye."

"Nani?"

"Huyo mnayemsema kila Jumapili," Bibi alisema. "Nawasikia mkimwomba. Mnamwomba mvua, mnamwomba tumbaku, mnamwomba vyombo vya kupanda. Nadhani hamjapata nafasi ya kumtazama usoni. Mimi sina ng'ombe wala baiskeli. Namtaka yeye mwenyewe, basi."

Watu walicheka, na wengi walicheka wakigeukia dirishani. Mchungaji hakucheka. Alimtazama Bibi kama mtu aliyekuja na chai akakuta ugeni mkubwa kuliko birika lake. Nimesoma vitabu vizito vya dini tangu siku hiyo, baadhi nikalazimika kuvifanyia mtihani, na sijakutana na jibu lililozidi lile.

Akanyoosha mkono kuchukua jagi la maji. Hapo Mzee Yoeli akasimama. Alikuwa mzee wa kanisa mwenzake Baba, mtu mnyofu sana, mnyofu kwa kuchosha.

"Mchungaji, samahani. Kuna jambo."

Alifungua jani alilolikunja mfukoni. Ndani mlikuwa na unga. Akausugua kati ya vidole, akampa mke wake ausugue, akampa na mwanamke wa pili. Hawakuhitaji kusema. Unga wa mashine ni laini kama vumbi. Huu ulikuwa na chembe.

"Huu tumeutoa kwenye lundo," Mzee Yoeli alisema. "Umesagwa kwa jiwe. Kijijini hapa jiwe liko moja."

Kanisa likanyamaza. Mchungaji akamgeukia Bibi. "Mama, unga huu ni wako?"

Bibi akachovya kidole, akaonja. "Ni wangu. Mkono wangu naujua."

"Uliupeleka pale?"

"Sikuupeleka."

"Basi nani kaupeleka?"

 Bibi hakutazama dirishani. Sisi wote tulikuwa tunamtazama yeye, kwa hiyo hakuna aliyeona nani mwingine alikuwa anatazama chini.

"Baba Mchungaji," alisema, "mimi leo nimekuja kubatizwa. Sikuja kushtaki mtoto wa mtu."

Siku hizi nikifikiria unafiki, na nafanya kazi mahali penye unafiki wa kutosha, sifikirii watu waongo. Nafikiria kimya kile. Watu wema, wamevaa nguo safi, kila mmoja akijua kwamba juma lile lile ametupa kijiti chake, wakimwacha bibi kizee asimame peke yake na unga ambao kosa lake pekee ni kwamba ulisagwa vizuri. Hakuna aliyemchukia. Walikuwa wanalinda tu kile walichonacho: huyu cheo, huyu jina, huyu kitu kilichoegemea ukutani. Ndivyo Bwana anavyosukumwa pembeni na waumini wake, taratibu, na kwa adabu zote.

Mchungaji akaliweka jagi chini. Ilimuuma, ilionekana. "Mama, sisemi umekosa. Lakini neno likiisha kusemwa mbele ya kanisa, lazima litafutwe mwisho wake. Tungoje. Nitarudi mvua zikipita."

"Mvua zikipita," Bibi alirudia. Akatazama mikono yake, jinsi ilivyokonda, na kila mtu aliyekuwa na macho akafanya hesabu ileile. "Haya, mwanangu. Kama nitakuwepo." Akaanza kufungua fundo la vazi lake jeupe begani, polepole, kwa sababu alilifunga imara asubuhi akidhani halitafunguliwa mapema. Vidole havikuweza. Akamgeukia mama yangu. "Mkwe, nisaidie hapa."

Mama hakumsaidia. Mama alikuwa amemgeukia Baba, na kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kumwita mtu kula, akamwita kwa jina langu, "Baba Nyamizi."

Baba akasimama. Alisimama kama mtu anayeinua gunia. Akaondoka dirishani, akapita katikati ya mabenchi, akaja mbele akasimama karibu na mama yake, mgongo kwa baiskeli.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi."

Mzee Yoeli akasema, "Wewe nini, Zakaria?"

"Ni mimi niliyeupeleka unga kwenye lundo. Nilimwomba mama yangu unga, nikamwambia nataka uji. Nikaenda nikaumwaga pale kwa ajili ya baiskeli." Akamtazama Mchungaji, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli akaimaliza yote. "Nilikuwa nimeomba kwanza, Mchungaji. Nimeomba kila siku. Lakini nikaona nizidishe na unga."