Fundo Kwenye Mshono

Fundi cherehani hushona huku kiganja kimoja kikikandamiza kovu la upasuaji aliojifungulia. Kila akiingia mwezini, uvimbe wa hapo huamka; siku zikiisha, hulala. "Daktari alisahau uzi, wifi," husema, pini midomoni. "Ningeshona hivi mimi, wateja wangenila mbichi!" Jana wifi yake alifunua pazia la chumba cha kupimia, akaganda: fundi kapandisha gauni, uvimbe kauzungushia chaki, wembe wa kufumulia nguo mkononi. "We mwanamke, una wazimu?" Leo akamburuta hospitali. Si uzi, daktari akasema. Ni nyama za ndani ya mji wa mimba zimeota kovuni, huvuja damu kila mwezi. Zitakatwa, kwa ganzi. Fundi akachomoa wembe mkobani, akamkabidhi wifi yake. "Shika. Nilipanga kumalizia jioni."