Tulivyotafuta Ukweli wa Kifafa kwenye Kompyuta ya Ofisini

Kaka yangu aliingia ofisini kwetu Tunduma bado ana vumbi la njia ya Kamsamba kwenye nyusi. Alikuwa amemshika binti yake mkono. Kabla sijamkaribisha kiti, alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua na kuiweka juu ya kazi zangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Soma hiyo, mdogo wangu. Nimepata dawa."

Miaka hiyo nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa, sote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Kutwa nzima nilishughulika na nyaraka za malori ya shaba na za makontena yaliyokuwa yakielekea Lubumbashi. Tulikuwa na kompyuta mbili na modemu ya kuchomeka ambayo ilifanya kazi vizuri asubuhi, halafu mchana ikachoka kama binadamu. Kwa watu wetu wa bondeni kule Kamsamba, mimi nilikuwa yule dada anayekaa na intaneti.

Binti alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, mpole, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu kubwa la moto. Alianza kuanguka kifafa miaka michache nyuma. Siku moja alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga, na mama yake mdogo, aliyekuwa pale pale, alitoka mbio nje badala ya kumvuta. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini, kama wengi kule, kwamba povu la mgonjwa likikugusa na wewe utaanguka. Zahanati waliwapa vidonge. Kuanguka kukapungua, lakini hakukuisha kabisa, na mwalimu akashauri abaki nyumbani kwanza.

Nikaisoma karatasi. Ilikuwa imechapishwa kutoka mtandaoni, kwa Kiingereza, na mtu fulani mjini alikuwa amemtafsiria kaka. Ilisifia mafuta ya mitishamba yanayotibu kifafa moja kwa moja, milele, kwa kunywa na kupaka. Pembeni kulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, aliyedaiwa kupona. Chini kabisa, kwa herufi nzito, waliandika kwamba mgonjwa aache vidonge vya hospitali kwanza ili mafuta yafanye kazi.

"Mafuta yenyewe yanapatikana hapo ng'ambo, Nakonde," kaka alisema. "Na hii siyo maneno ya barabarani. Imetoka kwenye kompyuta."

"Kaka, kwenye kompyuta anaweka kila mtu."

"Hata waongo?"

"Hao ndio wanaowahi kuweka."

Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Nikamvutia kiti upande wangu wa meza, jambo ambalo bosi wangu hakulipenda, nikamwambia tuitazame pamoja. Binti aliomba kwenda kukaa kibarazani, atazame malori.

Kazi yangu ilikuwa imenifundisha jambo moja. Ukiletewa hati ya mzigo huanzi kwa kusoma mzigo wenyewe. Unatazama nani ameitoa, lini, na nani atafaidika ikipita. Niliwahi kukamata hati nzuri sana, yenye mhuri uliong'aa, ambayo ofisi iliyodaiwa kuitoa haikuwahi kuwepo. Sikuona sababu ya kuushughulikia ugonjwa wa mtoto wetu kwa uangalifu mdogo kuliko shehena ya vigae.

Nikafungua ukurasa uleule uliochapishwa. Nikamwambia kaka anionyeshe jina la daktari aliyeandika. Hakuna. Tarehe? Hakuna. Mahali alipo mtu wa kuulizwa? Namba ya kuagiza bidhaa tu. Nikatafuta maneno yaleyale ya yule mwanamke aliyepona, na baada ya modemu kujikongoja, ukaja ukurasa mwingine kabisa. Picha ilikuwa ileile, kicheko kilekile, ila huku alikuwa amepona kisukari.

Kaka aliisogelea skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ni huyuhuyu."

"Ni huyuhuyu."

"Sasa alikuwa na nini?"

"Pengine hakuwa na kitu. Pengine hajui hata kwamba picha yake iko hapa."

Nilimwona akivimbisha mashavu na kuachia pumzi. Alikuwa mkulima wa mpunga aliyehesabiwa kuwa mwerevu kijijini, na kudanganywa kulimuuma kuliko gharama ya safari. Nikamwambia tusiishie hapo, maana kujua mwongo ni nani hakutuambii ukweli uko wapi.

Nikaandika kwanza kwa Kiswahili, "kifafa." Yalikuja majibu machache: mahubiri, mabishano ya watu kwenye majukwaa, na tangazo jingine la dawa. Nikaandika kwa Kiingereza. Huko kulikuwa na msitu mzima. Nikaruka kila ukurasa uliokuwa na kitu cha kuuza, nikachagua wa hospitali moja ya kufundishia madaktari, kisha wa shirika la afya, halafu wa chama cha wagonjwa wenyewe wa kifafa katika nchi nyingine. Kila mmoja ulitaja walioandika na lini waliupitia upya. Na hao watu watatu wasiojuana walisema mambo yaleyale.

Nikaanza kumtafsiria, Kiswahili kikinipungukia naongeza Kinyamwanga. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kula sahani moja. Kaka akatikisa kichwa polepole. Akianguka, msimtie kitu mdomoni.

"Hata kijiko?"

"Hasa kijiko."

Akageukia mlango wa kibarazani. Nilijua anafikiria lile jino la mbele la binti, lililovunjika mwaka uliopita.

Nikaendelea. Dozi ya mtoto huenda kwa uzito wake, na anapokua inabidi ipimwe upya. Halafu nikafika pale ambapo kurasa zote tatu ziliandika kwa msisitizo: vidonge vya kifafa havikatishwi ghafla hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kinaweza kuua.

Kaka alisimama.

"Mdogo wangu, tangu juzi sijampa. Karatasi ilisema tuache kwanza."

Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Kibarazani kulitoka sauti kama ya gunia linaloangushwa, kisha kelele za watu.

Tulimkuta amelala chini kati ya ngazi na tairi za lori, mwili umekakamaa, halafu ukaanza kutetemeka wote. Watu wa mpakani hukusanyika haraka: madereva, vijana wa kubadilisha fedha, mama wa maandazi. Walifanya duara pana na hakuna aliyeingia ndani yake. Dereva mmoja wa Zambia alinyoosha mikono kunizuia.

"Awe, awe, mayo! Hapana mama, usimguse, hilo povu!"

Mwingine alikuwa tayari amewasha kiberiti ili amnusishe moshi. Mama wa maandazi alishika kijiko cha chuma.

Kusema kweli sikuogopa. Pengine ni kwa sababu maneno nilikuwa nimetoka kuyasoma dakika hiyohiyo, yalikuwa bado ya moto kichwani. Nilipiga magoti, nikavua kitenge cha begani nikakikunja chini ya kichwa chake, nikalegeza kola ya shati.

"Zima kiberiti, kaka," nilimwambia yule kijana. "Na wewe mama, rudisha kijiko chako. Hakuna kitu kinachoingia mdomoni. Sogeeni nyuma apate hewa. Nani ana saa?"

"Ninayo," alisema dereva, kwa mshangao wa kuulizwa.

"Hesabu. Zikifika dakika tano utatupeleka hospitali na gari lako."

Kaka alipiga magoti upande wa pili. Mikono yake ilitaka kumbana binti asitetemeke, nikamwambia amwache, asimkandamize. Mwili ulipoanza kulegea tulimgeuza ubavu. Povu lilitiririka likanidondokea mkononi, na duara lote likavuta pumzi kwa pamoja. Nililifuta kwa upindo wa sketi mbele yao.

"Mbili na nusu," dereva alitangaza.

Binti alifungua macho, akayafumba, akaanza kukoroma kama mtu aliyechoka kwa kulima. Mama wa maandazi aliingia ndani ya duara akaketi chini karibu na miguu yake. Alimvuta sketi vizuri akamfunika magoti, na hadi leo nikimkumbuka yule mama namkumbuka kwa hilo.

Alipoweza kutembea tulikwenda kituo cha afya. Tabibu alikuwa mtu wa makamo, mwenye foleni ndefu mlangoni. Nilimweleza yote, pamoja na vidonge vilivyokatishwa, kisha nikauliza kama dozi aliyokuwa akimeza inalingana na uzito wake wa sasa.

Alinyanyua macho. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Nimesoma kwenye intaneti."

"Aa. Siku hizi kila mgonjwa anakuja na intaneti yake."

"Ndiyo, daktari. Ndiyo maana sikuja kukueleza jibu. Nimeleta swali."

Alinitazama kidogo, halafu akamwita muuguzi amweke binti kwenye mizani. Dozi ilikuwa ileile aliyoanzishwa akiwa mdogo, na tangu hapo alikuwa amerefuka na kunenepa. Tabibu hakusema kwamba mimi nilikuwa sahihi, wala mimi sikuhitaji aseme. Aliandika dozi mpya, akamgeukia kaka na kumwambia kwa sauti ya upole kuliko aliyotumia kwangu, "Mzee, hivi ni vya kila siku. Kama chakula. Ukisikia dawa nyingine yoyote, njoo tuongee kwanza. Usiache."

"Nimesikia," kaka alisema.

Walikaa kwangu hadi tukahakikisha amezoea dozi mpya. Nilimwandikia kaka kwa Kiswahili yale ya muhimu, nikachapisha nakala nyingi, maana nilijua kule karatasi iliyopigwa chapa inaheshimiwa, na safari hii niliweka mwishoni mahali tulipoyatoa na jina langu mimi niliyetafsiri. Moja alimpa mwalimu mkuu. Moja alimpa mchungaji, ambaye aliisoma kanisani baada ya matangazo. Wifi yangu alinisimulia kwamba mabishano yalikuwa makali nje ya kanisa, na kwamba kaka alisimama katikati akisema, "Nimemshika kwa mikono hii, povu limemwagikia dada yangu, na dada yangu yuko Tunduma anafanya kazi." Si wote walioamini. Lakini muhula uliofuata mtoto alirudi darasani.

Kazini kwangu nako mambo yalibadilika. Habari ya siku ile ilizunguka mpakani, na watu wakaanza kuja na maswali: presha, uvimbe, watoto wanaochelewa kutembea. Bosi alilalamika, kisha siku moja akaja mwenyewe, akafunga mlango na kuniuliza kuhusu tezi dume. Kila mtu nilimkalisha upande wangu wa meza atazame mwenyewe, na kila mtu nilimaliza kwa kumwelekeza kituo cha afya. Niliona fahari, sitaficha. Nilikuwa nimepata kazi ya pili isiyo na mshahara na niliipenda kuliko ile ya kwanza.

Miaka kadhaa baadaye nilishuka Kamsamba wakati wa mavuno ya mpunga. Joto lilikuwa lilelile la kumfanya mtu wa mjini atamani kurudi siku hiyohiyo. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba na anajifunza cherehani kwa mama mmoja pale senta. Alikuwa bado anameza vidonge vyake, na kuanguka kulikuwa kumegeuka kuwa jambo la nadra, la kusimuliwa na kusahauliwa. Jioni nilimwambia twende mtoni nikanawe miguu.

"Shangazi, subiri kidogo," alisema, akiita jina la rafiki yake juu ya ua. "Mimi siendi majini bila mtu anayejua kunigeuza nikianguka."

"Si niko mimi?"

"Wewe mgeni," alisema akicheka. "Umezoea kompyuta. Yeye kuogelea anajua."

Rafiki yake akatoka na ndoo kichwani, tukashuka mtoni watu watatu.