Nyamanza Hali Ulezi

Mbegu ya ulezi inayotunzwa juu ya mafiga hunuka moshi mpaka siku ya kupandwa. Harufu hiyo ilijaa viganjani mwangu msimu ule nilipokuwa na miaka minane, kule Kitahana, na ndiyo iliyonisaliti. Kila asubuhi nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaingiza mkono kwenye kapu la bibi, nikatoka na konzi moja kwenda kuimwaga uani. Nilikuwa namlisha nyamanza, yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetembea kwenye nyua za watu kama bwana afya, mkia ukitikisika. Kwetu hapigwi manati wala hafukuzwi.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga, baba amekwenda kumuuguza, na habari zilitufikia kwa nadra, kupitia watu waliotoka huko. Jioni moja bibi aliniambia, labda ili ninyamaze tu, kwamba nyamanza akikaa uani, aliyetoka atarudi. Hakujua anamwambia mtoto wa namna gani. Kuanzia kesho yake nilijiona nimekabidhiwa maisha ya mama: ndege yule asiondoke, basi. Na sikujua njia nyingine ya kumzuia mgeni isipokuwa kumpa chakula. Shida ni kwamba hakugusa hata punje. Aliuruka ulezi wangu kwa madaha, huku shomoro wakija kwa makundi, wakala, wakagombana, wakaita na jamaa zao. Nami nikaongeza konzi, nikidhani walafi wale wanammalizia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, bibi aliteremsha kapu akalikuta jepesi. Akaninusa viganja, akaketi. Ile ilikuwa mbegu ya shamba zima. Nilieleza huku nikilia, na kilichoniliza hakikuwa fimbo. Niliogopa atanikataza kulisha, nyamanza aondoke, mama asirudi. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mjukuu wangu, nyamanza hali ulezi. Huyo anakula wadudu. Lete maji ya vyombo."

Tukayamwaga karibu na migomba, mahali pale pale kila siku, mpaka pakawa tope na vijidudu vikajaa. Nyamanza akahamia hapo. Mbegu nyingine bibi aliiomba kwa jirani, akimwambia panya wamemmaliza, nami nikakubali kuwa panya kwa roho safi. Mama alirudi maharage yakiwa yametoa maua. Alikuwa amekonda, ameegemea bega la baba. Akakanyaga tope letu, akauliza nani kamwaga maji uani.

Leo naishi Kasulu mjini, nina shahada mbili na ua uliosakafiwa. Najua vizuri kwamba kinachomleta ndege ni wadudu tu, na kwamba hana habari za nani yuko wapi. Hata hivyo, binti yangu alipokwenda chuo Mwanza na simu zake zikapungua, nilimwita fundi abomoe kipande cha sakafu kando ya mgomba, na hapo ndipo ninapomwaga maji ya vyombo. Mama, ambaye sasa anaishi nami, aliponiuliza kulikoni nilimwambia bomba linavuja. Ila siku hizi nikiamka nakuta ndoo ya maji hayo iko tupu, na pale mgombani pamelowa tayari.