Wino Uliofutika Chini ya Bakuli la Mama

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza hajakaa vizuri kitini, chombo chake cha maua kimeshapinduliwa juu chini. Fundi hatazami waridi zilizochorwa ubavuni. Anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitako, anagonga kwa ukucha, anasikiliza, kisha anagusa kitako kwa ncha ya ulimi.

"Cha kiwandani, miaka thelathini hivi," anasema. "Aliyekwambia kina miaka mia amekipiga msasa. Ona, kimelika sawasawa pande zote. Chombo kilichotumika kweli hulika upande upande, maana watu hukivuta mezani."

Mteja, mwanamke wa makamo, anakiviringisha chombo chake kwenye gazeti na kuondoka bila kuaga. Fundi ameshazoea.

Mtaani wanamwita Bwana Kitako. Ana miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki chenye rafu tatu na dirisha moja, akiunga vyombo vya kauri vilivyovunjika na kuwaambia watu vilitoka wapi na vina umri gani. Inasemekana aliwahi kualikwa harusini akapindua bakuli la mchuzi kabla mchuzi haujaisha. Hakanushi. "Na shati lilikuwa la kuazima," anasema.

Utani huo unaishia kwenye rafu ya juu. Hapo pana bakuli dogo la bluu lenye mfuniko, ambalo hakuna mteja aliyewahi kulishika. Ni la mama yake.

Mama huyo, ambaye sasa amepita themanini, aliokotwa kando ya barabara akiwa na miaka kama minne, watu walipokuwa wakikimbia vita. Hakujua kwao kunaitwaje. Alikuwa amelikumbatia bakuli hilo na hakutaka kuliachia. Waliomlea walimpenda, lakini hakuna aliyeweza kumwambia ni mtoto wa nani.

"Nilijifunza kazi hii kwa ajili yake," anasema fundi. "Niliona nikijua bakuli limetoka wapi, nitajua na yeye katoka wapi."

Akiwa na miaka ishirini na mmoja, mwezi wa tatu tangu aanze kujifunza kazi, alilichukua kwa siri. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa kusafisha kitako ili udongo uonekane. Akalimwagia dawa ya kuondolea madoa na kulisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Chini palikuwa na uchafu mweusi, au ndivyo alivyodhani.

"Uchafu haukai kwa mistari," anasema. "Nilipogundua ni herufi, zilikuwa zimebaki tatu. Kabla sijapata kitambaa cha kukaushia dawa, nazo zikaenda. Mtu aliandika jina lake kwa wino, au la kijiji chake, ili chombo kisipotelee kwa majirani. Ninachokumbuka ni mkia wa herufi ya mwisho, ulivyopinda kushoto."

Bakuli lenyewe alishalitambua zamani. Lina miaka kama tisini, udongo wake ni mweupe wa kiwandani, na maua yake yamepigwa kwa muhuri. Mabakuli kama hayo yalitengenezwa kwa maelfu na kuuzwa katika kila soko.

"Ni kama kuuliza sufuria imetoka jiko gani," anasema. "Vya watu wote navijua. Cha mama yangu nilikifuta mwenyewe, kwa mkono huu."

Hajawahi kumwambia. Anakubali haya yaandikwe kwa sababu mama hasomi magazeti, na majirani wanaosoma amewaomba wanyamaze.

Sasa macho nayo yanamwacha. Presha ya macho imeshalimaliza la kushoto, na daktari amesema la kulia halitavuka mwaka. Vidole na ulimi atabaki navyo, lakini wino hausomwi kwa ulimi.

Ana ombi moja kwa wasomaji. Mwenye bakuli la bluu la namna hiyo, lenye maua manne ubavuni na maandishi ya wino chini, amletee, kwani aliyeandika la mama huenda aliandika na vyombo vyake vingine. "Asilisugue. Hata maji asiliguse. Alilete lilivyo, nione kama kuna mkia unaopinda kushoto."

Amekuwa akiomba hivyo kwa miaka mingi na hajaletewa hata moja.

"Najua haliji," anasema. "Ila nikiacha kutafuta, itabidi nimweleze."

Adhuhuri anafunga mlango na kupeleka chakula chumba cha nyuma, anakoishi mama. Bibi kizee amekaa kitandani, miguu haifiki sakafuni. Anauliza kabla hajapokea sahani.

"Wamesemaje leo?"

"Bado, mama. Natafuta."

Mama anaupapasa mkono wa mwanawe, ule wa kulia, mpaka anaushika.

"Tafuta taratibu, baba," anasema. "Usije ukaliharibu."