Shangazi kajua kuhusu hoteli ya Kendwa

Jamani, leo nimeponea chupuchupu.

Mwezi huu wote mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto ufukweni Kendwa, siku mbili tu. Njiani tupite Kidichi wakaone viungo, halafu pango la Mangapwani. Vyumba vya hoteli nshabuku.

Tatizo ni shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Nyumba yake iko Kendwa hapo hapo, nyuma ya hoteli.

Nyie wenyewe mnajua. Ulale hotelini na shangazi yako ana nyumba pale pale? Utasemwa kila harusi.

Kwa hiyo tukanyamaza. Tungempitia siku ya kuondoka, tujifanye ndio kwanza tunafika.

Leo mchana simu ikalia. Yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mnakuja kulala hotelini."

(Binti yangu mdogo aliongea naye jana. Tutaonana nyumbani.)

Nikaanza kujiumauma. Eti sisi wengi, eti watoto watundu, eti hatukutaka kukusumbua.

Nikasema moyoni, leo nnalo.

"Miaka yote hoteli ile naiona kwa nyuma, wanapoanika mashuka," akasema. "Niwekee na mimi chumba. Kinachotazama bahari."

Nilikaa chini sakafuni, nikacheka mpaka machozi.

Kabla hajakata akaongeza, "Na chakula chao msiagize. Nnakuja na pweza wangu wa nazi."

Sasa niambieni nyie wazoefu, sufuria la pweza linapitaje mapokezi?