Ripoti ya Friza Iliyoitikiwa Amina

Jumatatu nilienda kuchukua samaki wangu kwenye kiwanda kimoja karibu na Kisian, nikakuta kikao cha asubuhi kinaendelea, nikaketi nyuma kungoja. Mkubwa mpya kutoka Nairobi alikuwa ameagiza kila ripoti itolewe kwa Kiingereza.

Zamu ikamfikia mama anayesimamia friza. Akasimama na karatasi yake mkononi. Akaanza, akakwama. Akarudia, akakwama tena. Kisha akaikunja ile karatasi, akafumba macho na kusema, "Tuinamishe vichwa."

Tukainamisha. Huku kwetu nani hukatiza maombi?

Hapo Kiingereza kikamiminika, maana kanisani kwao yeye ndiye huwatafsiria wahubiri wageni.

"Baba, wewe unajua friza ya pili imekufa tangu Jumanne ya wiki jana. Unajua, Baba, fundi amekuja mara tatu na hana vipuri. Tunakemea kila roho ya kuchelewesha, hasa ile iliyokalia barua zetu kule ofisi ya Nairobi."

"Amina," tukaitikia. Mkubwa naye akaitikia, tena kwa sauti kutushinda wote, halafu akafumbua macho polepole.

Nadhani Kiingereza tunacho wengi. Kinachotumaliza ni yale macho yanayotutazama tukikitafuta.

Vipuri vilifika Alhamisi. Na nasikia mkubwa ametoa agizo jingine: kuanzia sasa, maombi yote ya kikao atayaongoza yeye mwenyewe.